Niliyemwita Shemeji ni Mwenye TV

Jamani, leo nimejivunjia heshima, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, na sina hata wa kumsingizia.

Mnaonijua mnajua mimi ni mwanamke wa Morogoro, nanunua nguo na viatu soko la Zhanxi hapa Guangzhou, Uchina, napeleka nyumbani. Mambo ya televisheni ameniletea Papa Célestin. Huyu ni Mkongo wa Lubumbashi anayeishi Brussels, ana kampuni ndogo ya kutengeneza vipindi huko. Akija Guangzhou kufunga mzigo, hunisimamisha mbele ya kamera nieleze habari za soko. Majuzi akaniambia:

"Mama Upendo, kuna télé moja ya Bruxelles, inatafuta bipindi. Loi, sheria ya kule, inasema sehemu kubwa ya bipindi ikuwe ya Ulaya, na ingine itengenezwe na batu ba inje, hapana ba télé yenyewe. Bakikubali yetu, tutatoka kila juma."

Kila juma! Kwenye TV ya Ulaya! Nikatangaza kanisani, nikatangaza kwenye grupu la kwaya, nikampigia mama Morogoro. (Ndiyo, kabla ya kukubaliwa. Naomba msianze.)

Sasa hiyo "ya Ulaya" mimi niliielewa kibiashara. Zhanxi shati linashonwa uchochoroni asubuhi, mchana linapigwa lebo ya Italia, na jioni ni la Italia, nani atabisha? Basi kipindi nacho kinataka lebo tu.

Asubuhi nikamburuta Papa Célestin mpaka Shamian, kile kisiwa chenye majumba ya kizungu ambako maharusi wa Kichina huenda kupiga picha. Nikavaa koti la sufu, skafu na glavu. Joto la Guangzhou mnalijua. Laobanniang, yule mama mwenye duka aliyeniazima koti, aliniuliza kama nina homa.

"Mama, koti ni ya nini?" Papa Célestin naye akauliza.

"Wewe shika kamera. Ulaya niachie mimi."

Jasho likanitoka mpaka kope moja ya bandia ikahamia shavuni. Nyuma yangu maharusi watatu, na bibi mmoja wa Kichina anarusha mikono kwa mazoezi. Ulaya tupu!

Jioni tukakaa mgahawani Xiaobei, mtaa wetu Waafrika wa hapa, mbele ya kompyuta. Wanakwaya wanne walikuja kunishuhudia, na sare zao. (Niliwaalika mwenyewe. Akili zangu hizi.) Kwenye skrini alikuwepo Bwana Roger, mwenye TV, na mama mmoja mkaguzi, aliyetumwa na wasimamizi wa sheria ile kuhakikisha kwamba vipindi ambavyo TV inavihesabu ni vya Ulaya kweli na vya watu wa nje kweli. Mkaguzi anasema Kifaransa, Papa Célestin ananitafsiria.

Akatazama kipindi chetu chote bila kutabasamu. Akauliza jambo. Papa Célestin akajibu kwa kirefu, kisha akanigeukia.

"Anasema koti haikukuwa lazima. Kampuni iko Bruxelles, benye kuitengeneza banaishi kule. Inatosha. Ni ya Ulaya."

Vigelegele! Yaani nimechemka ndani ya sufu mchana kutwa bure, lakini tumepita! Nikajiona nyota kabisa, nikarekebisha kope.

"Sasa anauliza, shiye na Bwana Roger tuko na uhusiano gani?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mtu akikuuliza mnahusianaje, anatafuta sababu ya kukuamini. Hapa Xiaobei ukisema humjui mtu, nani atakupa nafasi kwenye kontena lake? Papa Célestin akafungua mdomo ajibu. Nikamuwahi.

"Famille!" (Kifaransa changu ni hicho na bonjour.) "Célestin, famille! Roger, famille! Shemeji yangu kabisa huyo!"

Bwana Roger sijawahi kumwona maishani mwangu. Akaanza kutikisa kichwa. Nikadhani anaona haya, mashemeji ndivyo walivyo. Nikakoleza.

"Na télé, famille! TV ni yetu!" Nikajipiga kifua.

"Ni yetu!" kwaya ikaitikia kwa sauti nne.

Mkaguzi akaanza kuandika, na akaandika kwa muda mrefu. Bwana Roger akafunika uso kwa viganja.

"Mama," Papa Célestin akasema polepole, "nilikuambia batu ba inje. Ilibakia tu kusema hatuko ba kwake."

Na kweli hatukuwa! Yeye na Roger walikutana mara moja tu, msibani, wakapeana namba za simu. Mimi ndiyo kabisa, ni mgeni kuliko wageni wote. Tulichotakiwa kuwa ndicho tulichokuwa, mimi nikakaa kukikanusha kwa kujipiga kifua! Papa Célestin alijieleza mpaka sauti ikakauka. Mkaguzi akauliza swali moja tu: kama si ndugu, mbona hata kwaya inasema TV ni yao?

Nafasi yetu amepewa mtu mwenye kipindi cha jibini. Yeye, nasikia, hakumwita mtu shemeji.

Sasa hivi mama anapiga kutoka Morogoro, anataka kujua natoka kwenye TV saa ngapi. Simu nimeiacha iite. Na ninyi mnaocheka kwenye maoni hapo chini, kesho mkinikuta Xiaobei msiniite dada, msiniite shemeji. Mimi siwajui.