Madamu Anataka Kuni-invest

Jumatatu, tarehe 4
Msimamizi wa karakana yetu ya kushona sare amestaafu. Hatimaye! Cheo kiko wazi, na kinakuja na nyumba: vyumba viwili nyuma ya stoo. Mke wangu ameshapanga kitanda kitakaa wapi. Tangu tuoane tunalala sebuleni kwa mama yake, na mama mkwe hupita alfajiri kwenda jikoni akikohoa makusudi. Mpinzani wangu ni mmoja tu, Bi Vifungo, fundi wa matundu ya vifungo. Kiingereza hana hata cha kuombea maji. Mimi ndiye mkalimani wa Madamu, mmiliki mpya. Nani mwingine apewe?

Jumanne, tarehe 5
Madamu kaniita ofisini. Kasema Ijumaa anataka kuni-invest mbele ya wafanyakazi wote. Invest! Neno hilo nalijua tangu shule: kuwekeza. Anataka kutia pesa zake kwangu! Nusura nimkumbatie. Lakini pesa, mbele za watu? Kesho yake karakana nzima ingekuja kunikopa. Nikamwomba tumalizane faragha, mkononi. Akanishangaa. Akauliza sasa Ijumaa am-invest nani, na watu ameshawaita. Nikajitia ukarimu: amchukue Bi Vifungo, mama wa watu naye afurahi. Akauliza kama nina hakika. Nikaapa. Akasema hajawahi kukutana na mtu asiye na tamaa kama mimi.

Jumatano, tarehe 6
Nimemweleza mke wangu. Kauliza, na nyumba je? Nikamwambia vyumba viwili ni vya waajiriwa; sisi sasa tuna mtaji, tutajenga. Mama mkwe akadakia kutoka jikoni: "Jenga, baba, jenga na sisi tupumue!" Mwanamke yule hana dogo.

Ijumaa, tarehe 8
Sitaki kuandika. Naandika. Madamu alisimama, nami kando yake nikitafsiri kwa madaha. Nikatangaza kwamba Bi Vifungo sasa anawekezwa. Nikasubiri bahasha. Madamu akafungua kabati, akatoa koti la bluu la msimamizi, akamvika. Akampa na funguo za nyumba! Nikaacha kutafsiri katikati ya sentensi. Hakuna aliyegundua, walikuwa wanapiga vigelegele. Baadaye nikamfuata Madamu ofisini kudai changu cha faragha. Akaniuliza kipi. Nyumbani nikamweleza mke wangu. Alinirushia mto, akaenda kulala chumbani kwa mama yake. Nimeumia, nisiseme uongo.

Jumamosi, tarehe 9
Nimeazima kamusi kwa jirani, mwalimu. Kumbe neno moja lina maana nne! Kuwekeza pesa. Kutoa muda na nguvu zako. Kumvika mtu cheo pamoja na vazi lake. Na kuzingira mji kwa jeshi! Waingereza wameishiwa maneno? Mtu akikutamkia hilo, utoe pochi, uvae, au ukimbie? Jirani kasema inategemea sentensi. Upuuzi. Nimekata shauri: kwenye karakana yetu invest ni mavazi. Nimeona kwa macho yangu mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 11
Madamu katangaza leo. Jumatano kila mfanyakazi anayependa ataruhusiwa ku-invest katika karakana, kila mtu kwa uwezo wake, na watakaojitokeza hawatajuta. Safari hii hanipati! Nikatafsiri bila kumeza mate: Jumatano watu wavae, kila mtu kwa uwezo wake. Bi Vifungo akauliza mbona Madamu alikuwa anaonyesha pochi yake. Nikamwambia aache ujuaji. Akaomba ruhusa, akaenda benki. Mshamba! Benki wanauza nguo?

Jioni nimempigia mke wangu magoti. Nimemwambia bahati imebisha hodi tena, na safari hii neno nimelisoma mpaka mwisho. Alilia. Halafu akanikabidhi akiba yetu yote, ile ya kupangia chumba chetu wenyewe, akasema nikiichezea nisirudi. Namwonea huruma, hajui raha inayomsubiri. Nimetoka dukani sasa hivi. Suti ya vipande vitatu, na tai. Haijabaki hata nauli. Keshokutwa tuone nani ata-invest kunizidi!