Meli za Wageni na Kibanda cha Nusu Bati

Jumatatu, 12 Oktoba 1992

Joto la Kasanga leo ni la kukaanga dagaa. Lakini Silvana ameota jino la pili! Nimeligonga kwa kijiko, likalia ti! Baba yake, Clemens, alitaka kuhakikisha kwa kidole, akang'atwa. Amekwenda gatini kubeba mizigo huku akinyonya kidole, utadhani yeye ndiye mtoto.

Kuna habari kubwa kuliko jino. Bwana Meshack, msimamizi wa gati, ametukusanya akina mama wapika chakula. Kile kibanda kilichopakana na gati atapewa mmoja wetu, yule atakayewapendeza mabaharia wageni. Kibanda kimeezekwa bati nusu tu. Nusu nyingine ni mbingu ya Mungu. Nakitaka hivyo hivyo! Mvua ziko njiani, na mimi napikia mahali pa wazi, mtoto mgongoni, moshi unamwingia machoni. Nusu bati inamtosha mtu mwenye meno mawili.

Shida ni Marsiana. Yeye kazaliwa hapa hapa ziwani, na alikuwa anapikia mabaharia wakati mimi najifunza kusoma. Amesema mbele ya watu kwamba mtu wa juu kama mimi, wa kutoka Kizwite kule milimani Ufipa, maji ninayoyajua ni ya kwenye ndoo.

Sawa. Ila akili ninayo. Meli yetu ya kila wiki kila mtu anaijua, hata mbuzi wanaijua. Lakini tangu biashara ifunguliwe zinakuja meli ngeni zisizo na ratiba: za Burundi, za Zambia, za Zaire. Kila mgeni na tumbo lake. Atakayeitambua meli ikiwa bado mbali, huyo atajua apike nini kabla wenzake hawajakoka moto. Huyo ni mimi!

Jumanne, 13 Oktoba

Asubuhi nimepanda mwambani, nyuma ya boma la Wajerumani. Nikaona moshi ng'ambo, upande wa Zaire. Mnene, mweusi. Meli kubwa! Nikashuka mbio, Silvana anacheka mgongoni akidhani ni mchezo wetu. Nikasonga ugali wa kulisha jeshi, na samaki, migebuka ya kuchoma.

Haikuja meli. Haukuja hata mtumbwi.

Jioni moshi ulikuwa umepanda mpaka nusu ya mlima. Marsiana akaniuliza, kwa upole kabisa, kama meli yangu imechoshwa na maji na sasa imeamua kutembea kwa miguu. Kumbe watu wa kule wanachoma nyasi! Na kwetu Ufipa si tunachoma kila mwaka? Akili yangu ilikuwa wapi?

Tumekula ugali sisi na majirani. Clemens ameongeza sahani mara mbili, akasema meli za mlimani ndizo anazozipenda. Nimepata mume mimi.

Alhamisi, 15 Oktoba

Moshi ni mwongo. Dawa ni bendera.

Nimemuuliza Clemens rangi zote. Zambia ni kijani na tai pembeni. Zaire ni kijani na mwenge katikati. Burundi ina nyekundu na kijani, na nyota tatu. Yetu niliichora mwenyewe darasa la pili, nikapata vema. Nimezichora zote ukutani kwa mkaa. Kwa hiyo zote ni nyeusi, ila mimi nazijua. Silvana ameilamba Zambia mpaka tai hayupo.

Marsiana amepita, ameutazama ukuta, akauliza kama tumehamia ubalozini. Wivu!

Jumamosi, 17 Oktoba

MELI! Nyeupe, safi, sijawahi kuiona. Na juu ya mlingoti, ikipepea wazi kabisa: kijani, nyeusi, buluu na mistari ya njano. Yetu!

Nikakaa juu ya jiwe nikafikiri. Meli ngeni. Bendera yetu. Nyeupe hivyo. Haiwezi kuwa ya mtu mdogo. Hii ni serikali. Wakubwa wanakuja!

Nikamwendea Bwana Meshack. Akauliza kama nina hakika. Nikaapa kwa meno ya Silvana, yote mawili. Basi akakimbia kuvaa suti. Kwaya ya kanisa, iliyokuwa inafua, ikaacha nguo zake kwenye mabeseni, ikajipanga. Wanawake tuliotoka juu tukajiweka mbele, tupige magoti na makofi kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu. Na mimi nikapika pilau. Mchele wote wa sikukuu. Na jogoo wa Clemens. (Yeye hajui bado.)

Meli ikafunga gatini. Wakashuka wanaume wachache, saruji mpaka kwenye nyusi. Warundi. Wameleta saruji.

Kwaya ilikuwa imeshashika wimbo, haikuweza kusimama. Sisi tulikuwa tumeshapiga magoti. Bwana Meshack akatoa hotuba yote, pamoja na "waheshimiwa", kwa sababu alikuwa ameikariri hivyo. Nahodha akavua kofia, akalia machozi meupe. Amesema kwenye ziwa hili lote hajapata kupokewa namna hii, hata kwao, hata na mkewe.

Nikafunua pilau. Wakaitazama. Halafu wakauliza, kwa aibu, kama hakuna maharage, maana njia nzima wamekula wali.

Marsiana anayo. Siku zote anayo! Alikuwa amekaa na sufuria yake moja, hakushughulika na meli wala na bendera. Akawapakulia, wakakomba mpaka mchuzi.

Pilau imeliwa na kwaya.

Jumapili, 18 Oktoba

Clemens ameamka akiuliza mbona jogoo hajawika. Nimemweleza. Akageukia ukutani. Nikajua leo ndiyo leo. Kumbe alikuwa anazuia kicheko, na kilipomtoka alimwamsha Silvana.

Kisha akanifundisha. Meli ngeni ikiingia kwa watu hupandisha juu bendera ya mwenyeji. Ndiyo hodi ya majini. Bendera yao wenyewe wanaitundika nyuma, mkiani. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia Alhamisi. Amesema niliuliza bendera zina rangi gani, sikuuliza zinakaa wapi.

Kibanda amepewa Marsiana. Bwana Meshack amenieleza kwa heshima, ila habari ya suti alikuwa bado hajanisamehe.

Nimelia kidogo nyuma ya nyumba. Silvana amenifuta machozi kwa kiganja chenye uji. Sasa uso wangu una uji, lakini moyo umetulia.

Jumatano, 21 Oktoba

Mvua! Ilianza kwa matone, ikamalizia kwa ndoo. Nilikuwa nimeinama juu ya moto, kanga yangu nimemfunika mtoto, sufuria inajaa bila mimi kuongeza maji.

Marsiana akapaza sauti kutoka kibandani: we mama Silvana, unangoja meli gani hapo, ya Nuhu? Mlete huyo mtoto!

Amemlaza Silvana upande wenye bati, juu ya magunia, akamfunika kwa kitenge chake kizuri, kile cha kanisani. Sisi tukasimama upande wa mbingu, tunalowa na masufuria yetu. Mtoto hakuguswa na tone. Nilitaka kumshukuru, nikajikuta namsifia maharage. Nimemwambia maharage hayo yanatoka kwetu juu. Amesema anajua. Nimemwambia tena.

Amesema tupike pamoja, kwa sharti moja: nisimtangazie meli. Nimekubali.

Jumamosi, 24 Oktoba

MELI! (Sikutangaza. Nilinyoosha kidole tu.)

Ndogo, nyeupe, inameremeta. Juu kuna bendera yetu. Haya, hodi yao hiyo, tumeisikia! Na mkiani? Yetu pia. Nikacheka. Hawa wamezidisha adabu. Safari hii hawanipati!

Bwana Meshack akaja ananong'ona. Asubuhi aliitwa kwenye simu ya upepo, lakini ilikuwa inakwaruza tu, hakuelewa. Akaniuliza naonaje. Nikamwambia atulie, ni Warundi wa saruji. Nilimwona moyo ukimshuka mahali pake. Akavua koti. Kwaya nayo, iliyokuwa imesimama, ikarudi kufua.

Wakashuka. Jamani, Warundi hawa wanajipenda! Suti za kaunda, viatu vya kujitazamia. Saruji hata punje. Mbele mzee mmoja mnene, nyuma yake polisi wawili wamembebea mkoba. Nikasema karibu baba, pole na safari, foleni inaanzia pale, na sahani kila mtu anaosha yake.

Bwana Meshack akakaa chini ghafla, bila kuangalia kama kuna kiti. Marsiana akaingiza kanga mdomoni.

Mzee akapanga foleni. Polisi nao. Akala maharage akamaliza, akaomba tena. Nikamsifu Kiswahili chake, safi kabisa kwa mtu wa Burundi. Mmoja wa polisi akapaliwa. Mzee akacheka mpaka kifungo cha tumboni kikaruka, Silvana akataka kukimeza, tukamnyang'anya.

Halafu akatazama juu. Akaona mtoto ana bati na sisi tuna mawingu. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba nusu ndiyo iliyokuwepo, na aliyestahili nusu hiyo ni yule mwenye meno mawili.  Kisha akamuuliza Bwana Meshack nani anahusika na paa hili. Bwana Meshack akavaa tena koti lake, ndani nje. Mzee akasema mabati yaliyobaki yataletwa kabla mwezi haujaisha, na akaosha sahani yake. Vizuri tu, mpaka nyuma.

Mabati! Kutoka Burundi yote ile, kwa ajili ya mwanangu! Na sisi tunawadhania ni watu wa saruji tu.

Jioni nimemwambia Marsiana kwamba kutambua meli ni kipaji, mtu anazaliwa nacho.  Akampakata Silvana, akamwambia sikioni: mwanangu, wewe soma, soma sana. Nimefurahi. Nami ndivyo ninavyomtakia.

Kesho alfajiri napanda tena mwambani. Clemens amenunua jogoo mwingine. Sijui kwa nini anamlaza kwa jirani.