Maabara ya Kuvimba kwa Ulimwengu, Shambani kwa Mama Aziza

Mheshimiwa mgeni rasmi, unayewakilishwa kitini na kofia yako. Waheshimiwa machifu pamoja na manaibu wa manaibu wao. Baba padri, shehe, mama zetu wa soko. Na wewe Mama Aziza wa hapa Masako, ambaye tumesimama juu ya shamba lako la pondu, majani yetu ya muhogo: mimi, Directeur Coordonnateur Constant, nawasalimu na ninajisalimu! (Makofi. Fanfare, bendi ya tarumbeta, inaanza mapema, inanyamazishwa.)

Bon. Wataalamu wanasema ulimwengu wote, na Kisangani ndani yake, ulivimba kutoka udogo usioonekana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kama kazi kubwa hivyo ilikwisha bila kamati hata moja, sisi wenye kamati kumi na saba, semina arobaini na utekelezaji wa asilimia mia moja na nne, tutashindwa nini? (Kicheko nyuma.) Ndiyo maana niliubuni, nikausimamia na nikajipongeza kwa mradi huu wa maabara ya supergravité, yaani nguvu ileile inayoangusha matunda ya mti wa safu, ila yenye shahada.

(Mama Aziza: "Papa Directeur, miezi kumi na nane tangu muling'oa pondu yangu. Labo iko wapi?")

Swali la kisayansi, mama! Mbali na urefu, upana na kimo, nadharia inasema kuna pande sita nyingine zilizokunjwa ndogo sana, na vipimo vya pande hizo, viitwavyo moduli, visiposhikiliwa vinayumba kama chungu juu ya mafiga mawili, mpaka ulimwengu wote unamwagika. Donc maabara, kwa usalama wake, imejengwa huko ndani ya pande hizo: ghorofa nne, kila ghorofa na choo. Msiitafute kwa macho, ni utovu wa adabu.

(Mama Aziza: "Alors munirudishie shamba yangu. Batoto bangu banakula kwa upande gani, kati ya hizo sita?")

Haiwezekani, mama. Kilichovimba hakirudi nyuma. Hiyo ni sheria ya anga, mimi naitii tu.

Ulimwengu! (Wachache: "Uvimbe!") Moduli! (Padri, kwa aibu: "Zitulie!") Coordonnateur! (Shemeji wa Directeur, peke yake: "Oyé!")

Kwa kumalizia, namshukuru fundi Hamadi, ambaye saruji ya maabara ilipokosa pa kukaa aliipeleka, kwa uzalendo, kwenye nyumba yangu kule commune ya Tshopo: ghorofa nne, kila ghorofa na choo. Nyuma yake kuna kiwanja, Mama Aziza. Ukipenda, njoo unilimie pondu. Asanteni!

(Mama Aziza anavuka utepe wa uzinduzi, jembe mkononi, anaanza kulima mbele ya jukwaa. Fanfare inampigia.)