Kilo Nne Zisizoonekana

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji amenivunjia heshima mezani kwangu! Kaka wa mke wangu huyu ni mwalimu wa fizikia, hawezi kula bila kufundisha. Eti sehemu kubwa ya ulimwengu ni maada giza. Haionekani, haishikiki, inajulikana kwa uzito wake tu. Wengine wanadai ni chembe zilizobaki tangu ulimwengu uanze, wengine wanasema ni mashimo meusi madogo madogo. Hakuna aliyewahi kuinasa. Nikamwambia mimi nimepima vifurushi miaka kumi na tisa, nitainasa. Akacheka mpaka akapaliwa. Mke wangu akampigapiga mgongoni. Yeye! Mimi niliyetukanwa sikuguswa.

Jumanne, 4 Machi
NIMEINASA! Mizani ya ghalani, sahani tupu, nikainama kusoma: kilo tatu! Nikapangusa vumbi. Tatu! Baada ya chakula cha mchana, nne. Kumbe maada giza hupanda mchana. Nadharia yangu: inavuja kutoka kwenye vifurushi vilivyokosa wenyewe. Karani mwenzangu anadai akisoma yeye anaona sifuri. Kimbaombao yule, tena mwongo.

Jumatano, 5 Machi
Meneja anasema wateja wanalalamika kwamba nawazidishia uzito. Ijumaa anakuja mkaguzi wa mizani. Kosa likiwa langu, nang'olewa kwenye mizani, nahamishiwa kubandika lebo. Mimi! Lebo! Nimepiga teke mlango. Kidole gumba cha mguu kimevimba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwalika shemeji kesho aje ashuhudie. Atakiona cha mtema kuni. Nimekula mara mbili ili nipate nguvu.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi akaweka mawe yake ya kupimia. Mizani sahihi kabisa. Akayaondoa: sifuri. Nikamwambia hajui kusoma, anipishe. Nikainama. Kilo nne! Nikapiga kelele, nikamnyooshea shemeji kidole.

Mkaguzi hakutazama namba. Alitazama chini. Akachukua rula, akakiinua kwa adabu kitambi changu, kilichokuwa kimelala kwenye sahani. Sifuri. Akakishusha. Nne. Akakiinua tena. Meneja akaita watu wa ofisini waje waone. Shemeji akaomba rula naye ajaribu. Nimeumia. Sijawahi kumchukia mtu namna hii.

Jumamosi, 8 Machi
Nimebandika lebo mia mbili na kumi. Kwenye mizani yangu amekaa kimbaombao! Nyumbani shemeji amesimulia yote, kwa vitendo, akitumia mto wa kochi. Mke wangu amecheka mpaka machozi.

Nimejifungia chumbani na hasira zangu, nikasimama mbele ya kioo, nikafikiri. Mimi nakula kidogo, kila mtu anajua. Basi kilo nne hizi zimetoka wapi? Si kwenye chakula. Zipo tangu ulimwengu uanze, na zimenichagua mimi! Wajinga wale waliishika maada giza kwa rula na hawakuitambua.

Nimemwandikia profesa wa chuo kikuu kurasa saba. Nimemwomba aje baada ya chakula cha mchana.