Vigingi Mia Mbili vya Mama Miche

Jumatatu, 4 Machi

Nimeupata! Mpango, yaani. Kiwanda cha kupasua mbao huchoma mabanzi kila wiki, vile vipande vya pembeni vyenye magome visivyofaa hata kigoda. Msimamizi kaniambia nichukue nipendavyo, ilimradi nisimsimulie habari za miradi yangu. Ndani ya kila banzi mna kigingi. Yataka jicho tu. Na Mama Miche, mwenye kitalu cha miti ya matunda, anahitaji vigingi mia mbili vya kufungia miche isilazwe na upepo. Jumamosi. Vikimfaa, nitakuwa mtu wake wa kudumu.

Mke kanisikiliza huku akikunja nguo. Kasema sawa, ila hii ni ya mwisho. Banda la nyuma limeshazika miradi yangu mitatu, na kaka yake anatengeneza baiskeli za watu barazani, mvua ikimpiga mgongoni. Vigingi visipopokelewa Jumamosi, banda ni la kaka yake.

Banda langu! Humo tu ndimo ninamoitwa fundi, japo anayeniita ni mimi mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Mabanzi yamefika. Mkokoteni wa shemeji, nguvu za shemeji. Mimi nilielekeza. Huyu bwana yuko kwetu mwezi wa saba sasa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilichukua jembe mwenyewe siku ya kwanza, na tangu hapo mke hanioni. Ananiita Mhandisi. Kwa heshima, nadhani.

Kipimo: Mama Miche alisema kigingi kikishasimama kimfike mtu kiunoni. Nimesimama wima, nikaweka alama ya mkaa kwenye banzi, usawa wa mkanda. Hapo akili imemaliza kazi yake. Kilichobaki ni jasho.

Jumatano, 6 Machi

Vigingi sitini. Nimepasua mabanzi, nimebandua magome, nimechonga ncha kwa panga, pande nne. Kidole gumba kimefungwa kitambaa. Shemeji kachungulia mlangoni. Kaniuliza, taratibu kama mtu anayeamsha mtoto, kama nimechomeka walau kimoja ardhini nikaona. Nikamwambia kigingi hakionjwi kama mchuzi. Akasema sawa, Mhandisi.

Kikulacho ki nguoni mwako! Anataka nipoteze siku nzima. Nimetundika gunia mlangoni asiibe ufundi.

Alhamisi, 7 Machi

Mia na arobaini. Mke kaniletea chai bandani, mara ya kwanza tangu ule mradi wa sabuni. Kashika kigingi, kakigeuza, kasema kimenyooka. Nilifurahi mpaka nikasahau kidole. Kisha akauliza kama kaka yake ameshakiona. Chai haikunywika tena.

Ijumaa, 8 Machi

Mia mbili! Nimevifunga ishirini ishirini na kuviegemeza ukutani. Nikakaa kuvitazama saa nzima, mikono kiunoni. Shemeji kaja na futi yake, kajitolea kuhakiki. Nimemwambia futi ni ya watu wasiojiamini.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandikeje. Basi, niandike tu.

Mama Miche ni mrefu. Matawi anayoyashika yeye, mimi huyasalimia kwa mbali. Akachukua nyundo, akagonga kigingi cha kwanza kando ya mche wa mparachichi. Kikaingia. Kikaendelea kuingia. Kiliposhika, kilikuwa kinanifika gotini. Yeye, chini ya goti. Ndipo nilipoelewa kwamba kigingi kina sehemu inayozikwa. Hakuna aliyewahi kuniambia!

Nikashauri visigongwe sana. Tukasimamisha kimoja kwa kukigonga kidogo tu. Kuku akatua juu yake. Wakaanguka wote wawili.

Mama Miche hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema ncha ni safi, mkono ninao, ila kipimo sina. Akamgeukia shemeji, aliyekuwa kashika mkokoteni, akamuuliza kama yeye anaweza kupima. Shemeji akasema yeye ni mtu wa baiskeli, lakini Mhandisi akikata vingine, yeye atashika futi. Mama Miche akakubali papo hapo na kutuongezea wiki. Akasema yeye mwenyewe atamweleza mke wangu kwamba kazi bado ipo. Banda lingebaki langu.

Nilichotakiwa kusema ni ndiyo.

Nikasema mimi sifanyi kazi chini ya futi ya mtu.

Nilijiona mkubwa mpaka getini. Kuanzia pale getini niliona aibu tupu, nikasukuma mkokoteni mwenyewe njia nzima. Shemeji alitembea kando. Hakuniita Mhandisi hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 10 Machi

Baiskeli nne zimeshaingia bandani. Mke alinipa ufagio nifagie maranda, akanitazama kidogo, akaninyang'anya, akafagia mwenyewe. Vigingi viko uvunguni mwa kitanda. Vilivyokosa nafasi viko upande wangu wa kulalia.

Jioni shemeji kabisha hodi. Kasema Mama Miche bado anangoja jibu, na bandani pana nafasi ya watu wawili, kona ya dirishani haina baiskeli. Nimemwambia nitafikiria. Akaniachia futi mezani, akaondoka.

Nimefikiria. Vigingi havina kosa lolote. Kosa ni la udongo wa Mama Miche, laini mno, umedekezwa kwa maji asubuhi na jioni. Kwenye ardhi ngumu kigingi changu kisingezama hata shubiri. Kesho naanza kutafuta mteja mwenye shamba la mawe. Ili nisimpotezee muda, wakati mke yuko kwa jirani nimekata vingine thelathini hapa hapa ukingoni mwa kitanda, kipimo kilekile.