Kabichi Arobaini na Kofia Moja

Jumapili, 1 Juni 2025

Leo baada ya misa, sisi wastaafu wa mgodi tulikutana katika ukumbi wa chama chetu hapa Dilala. Muuguzi mpya, Mama Mushiya, aliyekuja juzi tu kutoka Likasi, akatuzungumzia tezi dume. Mbele ya watu! Mbele ya wake zetu! Mimi nilitazama dari. Kisimba, rafiki yangu tangu tulipokuwa mafundi umeme, alitazama viatu vyake.

Akasema Jumamosi atampima damu, bure, kila mwanachama aliyepita miaka hamsini. Kisha akaingia kwenye mboga. Kabichi, brokoli, koliflawa, ukoo mzima. Zina kitu kinachoitwa sulforafani, na huko maabara wataalamu wameona kitu hicho kikizibana chembe za saratani ya tezi dume. Niliamka kabisa. Kabichi! Mimi nina kabichi arobaini nyuma ya nyumba! Akaendelea na maneno mengine yaliyoanza na "lakini", ila wakati huo nilikuwa nimeshatoka kichwani, niko bustanini.

Nimeamua. Mwenye kabichi arobaini hahitaji sindano.

Jumatatu, 2 Juni

Nimemweleza Brigitte, mke wangu, uamuzi wangu. Aliweka mwiko chini. Brigitte akiweka mwiko chini kabla bukari, ugali wetu, haijaiva, ujue kuna kesi.

Akasema mimi nilisikiliza nusu. Nusu ya pili ilikuwa kwamba utafiti bado unaendelea, kwamba mboga ni chakula kizuri lakini hazichukui nafasi ya kipimo. "Shu haiko daktari, Muamba," akasema; kabichi yeye huiita shu. Kisha akamtaja marehemu kaka yangu Benoît, aliyeondoka na ugonjwa huohuo. "Tata Benoît alifichaka, alifichaka, mpaka tukamuzika." Akageuka upande wa moto ili nisimwone uso.

Halafu akatoa hukumu. Kitinda mimba wetu Naomie anaolewa Agosti. Nisipopimwa, sitamshika mkono kumpeleka altareni. Nani atampeleka? Abibu, jirani yetu!

Abibu! Dereva wa lori la mboga, ambaye hata misa haijui! Abibu ambaye kuku wake wanaingia kwangu kama wamepewa hati ya shamba! Na Brigitte hakucheka.

Nitaandika hapa tu, kwa kuwa daftari halina mdomo. Naogopa. Sindano naweza. Naogopa karatasi inayokuja baada ya sindano. Benoît naye alipewa karatasi.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya pili ya tiba. Mama Mushiya alisema kupika sana kunapunguza nguvu ya kile kitu, kwa hiyo nakula mbichi. Nusu kichwa asubuhi, nusu kichwa mchana. Najisikia kijana. Najisikia pia kama mtungi wa gesi.

Mazoezi ya kwaya saa tisa. Tulikuwa katikati ya wimbo, umeme wa bwawa la Nzilo ukakatika, kinanda kikanyamaza, na kanisa zima likasikia tumbo langu. Lilimaliza ubeti peke yake. Mwalimu wa kwaya aliuliza kwa upole nani ameingia kabla ya wakati. Nikamtazama Kisimba kwa masikitiko. Wengine wote wakamtazama Kisimba.

Alhamisi, 5 Juni

Msiba! Kuku wa Abibu wamekula kabichi sita. Nilikwenda kushtaki. Abibu alitoka na kofia yake ya kufuma, akanikaribisha kiti, akanipa chai, akasema pole sana Tata Muamba, ila kuku nao wana haki ya kujikinga. Mkewe Mwamini alicheka mpaka akaingia ndani. Nimekunywa chai yote kwa hasira.

Zimebaki thelathini na mbili. Brigitte ameshapiga pasi suti yangu ya kwenda kupimwa. Suti! Kwa sindano!

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara, lakini leo akili imekuja. Mama Mushiya ni mgeni, hajui sura zetu. Kadi za chama hazina picha. Kinachonitambulisha mjini hapa ni kofia yangu ya kahawia, niliyoinunua Lubumbashi mwaka nilipostaafu. Basi! Kisimba hajatimiza hamsini na tano, ana afya ya nyumbu. Aende mara mbili. Mara ya kwanza kama Kisimba. Mara ya pili, na kofia, kama Muamba.

Alikataa. Nikamwambia kofia itabaki kwake moja kwa moja. Akaigusa ukingo. Akakubali.

Jumamosi, 7 Juni

Ushindi! Brigitte alitaka kunisindikiza, nikamwambia ni mambo ya wanaume. Nikapanda pikipiki ya taxi-moto mpaka kule Kingamyambo, nikasimama na suti yangu nikiangalia malori yakipita na vumbi lao, kichwa wazi, baridi ya Juni ikinipiga utosini. Muda wa saa tatu nzima. Niliporudi nilikuwa na pamba mkononi, niliyojibandika mwenyewe kwa plasta.

Brigitte aliitazama ile pamba, machozi yakamlengalenga. Amepika nyama. Nimeona aibu kidogo. Nyama ilikuwa nzuri sana.

Jumatatu, 9 Juni

Sielewi kitu. Asubuhi nimemwona Abibu akiwasha lori lake. Kichwani mwake, kofia YANGU! Ya kahawia! Ile yenye alama ya mafuta upande wa kushoto!

Nikamvamia. Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema amepewa na Kisimba. Kisha akashuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Aksanti sana, Tata Muamba. Mungu akulipe." Macho yake yalikuwa mazito. Nikajibu hakuna shida. Shida ipi? Asante ya nini? Ananidhihaki, bila shaka.

Kisimba hayupo nyumbani. Mkewe anasema amekwenda shambani. Kisimba hana shamba.

Alhamisi, 12 Juni

Bahasha imeletwa. Brigitte ameifungua kabla yangu.

Muamba, kipimo kiko juu. Kipimo kuwa juu hakumaanishi lazima ni saratani, ameandika Mama Mushiya, lakini lazima kirudiwe, na huenda kukawa na safari ya kwenda kwa mtaalamu Lubumbashi. Asichelewe.

Brigitte alikaa chini kwenye sakafu. Akasema jina la Benoît, mara moja tu. Mimi nikasimama pale nikijua kwamba damu ile si yangu, na badala ya kufurahi, nikaanza kutafuta kandambili zangu. Kisimba! Rafiki yangu wa miaka thelathini! Nimemtuma kwa kofia, naye amerudi na kifo!

Nilikimbia. Kwa kandambili, mpaka kwake. Nilimkuta uvunguni mwa kitanda, kwa kuwa alidhani nimekuja kudai kofia. Nikapiga magoti, nikamwambia yote pale pale chini. Nikamwambia nitauza pikipiki yangu mbovu, nitampeleka Lubumbashi mimi mwenyewe, asiogope.

Akatoa kichwa. Kisha akasema, "Ndugu, mi siyaenda. Sindano naiogopaka kupita weye."

Hakwenda! Hata kama Kisimba hakwenda! Alifika mlangoni, akaona mtu mmoja anatoka amejishika mkono, akageuza. Njiani akakutana na Abibu. Abibu si mwanachama wetu. Alikuwa akitafuta kupimwa tangu mwaka jana na hakuwa na uwezo. Kisimba akamwambia Tata Muamba, kwa roho yake nzuri, amekuachia nafasi yake, vaa kofia tu uitikie jina.

Kwa hiyo ile asante ilikuwa asante ya kweli.

Ijumaa, 13 Juni

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na hatua tatu.

Hatua ya kwanza, Brigitte. Nilimwambia asubuhi, mbali kidogo na mwiko. Kwanza alinikumbatia kwa nguvu kwa sababu damu ile si yangu. Kisha akakumbuka ile nyama. Kisha akakumbuka ile pamba. Amenipiga na kichwa cha kabichi, kikapasuka. Zimebaki ishirini na tano.

Hatua ya pili, Abibu. Hii ilikuwa nzito. Tulikaa kwenye viti vyake, Mwamini akaleta chai, nami nikaiweka chini. Nikampa karatasi. Akaisoma polepole, akavua kofia yangu, akaiweka gotini. Nikamwambia ukweli: Abibu, sikukuachia nafasi. Nilikimbia. Nilikuwa Kingamyambo nikihesabu malori.

Akasema anajua. Kisimba hajui kuficha hata chumvi. "Lakini weye uliacha mlango wazi, miye nikapita. Sasa nimejua, na kujua ni bora." Mwamini alikuwa amemshika bega. Nililia. Mimi, mtu mzima, mbele ya kuku wake.

Hatua ya tatu, Mama Mushiya. Alitugombeza kwa dakika ishirini bila kupumua. Damu ya mtu mmoja kwa jina la mwingine! Tunajua inaweza kuua watu wawili kwa mara moja? Akaandika upya: Abibu, kipimo kirudiwe. Halafu akatuelekeza mimi na Kisimba kwenye kiti. Brigitte alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Ndiyo, alikuja nao.

Tulishikana mikono. Kisimba alizimia kabla ya kuguswa. Mimi nilifumba macho, nikamwita Benoît kimoyomoyo, na nilipoyafumbua ilikuwa imekwisha. Hata kuumwa na siafu ni zaidi. Sitamwambia mtu.

Jumatano, 9 Julai

Furaha! Furaha! Abibu amerudi kutoka Lubumbashi. Ni saratani kweli, lakini ndogo, imekaa ndani ya tezi haijatoka, na daktari amesema wameiwahi, inatibika. Chama chetu kimempa uanachama kwa kura, wote tukainua mikono, Kisimba akainua miwili.

Mwamini ametuletea kuku mkubwa wa pilau. Nilimtambua kabla hajachinjwa: yule mwekundu, kiongozi wa wezi. Brigitte akapika kabichi kidogo sana, kama Mama Mushiya anavyopenda, na bukari mlima. Tumekula nyumba mbili sinia moja. Abibu akasema kuku huyu ni mtamu kwa sababu ya malezi ya jirani. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Na karatasi yangu na ya Kisimba zilikwishakuja: salama wote wawili. Brigitte ameiweka yangu ndani ya Biblia. Amesema Agosti nitamshika Naomie mkono wa kulia. Abibu atakaa benchi la mbele.

Jumapili, 13 Julai

Nimetafakari yote kwa utulivu na mafunzo yako wazi.

Kwanza, niko salama kwa sababu ya kabichi. Brigitte anasema Kisimba hakula hata jani na yuko salama vilevile. Nimemjibu kwamba Kisimba alikaa karibu nami kwenye kwaya.

Pili, nimemwokoa Abibu. Ningekwenda kupimwa kama mtu mtiifu, nani angempa nafasi? Nimelieleza hili chamani leo, baadhi wakapiga makofi.

Mama Mushiya ametangaza kwamba Jumamosi ijayo anakuja daktari wa meno. Amesema pia kwamba karoti mbichi husaidia kusafisha meno, kisha akasema "lakini", nami nikatoka kwenda kununua mbegu.

Karoti zitachelewa kidogo, kwa hiyo nimezungumza na Abibu. Sasa ni mwanachama, ana moyo wa kujitolea, na meno yake ni mazuri kuliko yangu. Kofia anayo tayari.