Chupa ya Jamu na Mita ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Itangazwe popote penye masikio: leo asubuhi chupa ya jamu ya mke wangu imepandishwa cheo na kuwa kipimo cha chaji ya umeme kiwandani kwetu. Jamu haimo tena. Mna maji ya bluu ya chumvi ya shaba, na vibati viwili vya shaba. Umeme ukipita, shaba huhama kibati kimoja na kuganda kwenye kingine. Ukipima hicho cha pili kimeongezeka uzito kiasi gani, unajua umeme uliopita kwenye tangi tunamopaka mabomba ya bafuni nikeli, na unene wa nikeli hiyo. Nimejifunza mwenyewe!

Bosi anatafuta msimamizi wa chumba cha tangi. Ni mimi au shemeji, mdogo wake mke wangu. Kazi hii nimemtafutia mimi! Shukrani yake: kanunua mita ya kidijitali, yenye taa.

Jumanne, 4 Machi
Bosi kaamua: vipimo vyote viwili viungwe kwenye waya mmoja wa tangi, kesho tuone nani mkweli. Shemeji kauliza mbele ya mafundi kama chupa yangu inatumia betri au mkate. Wakacheka hadi wakashika mbavu. Mshenzi! Nyumbani mke wangu kauliza jamu yake iko wapi. Nimemwambia amuulize ndugu yake.

Jumatano, 5 Machi
Umeme ungewashwa baada ya chakula. Wakati wanakula, nikapenya na kuchomoa waya wa mita yake. Isome sifuri! Nikarudi mezani na uso wa malaika.

Jioni nikatoa kibati majini, moja kwa moja hadi kwenye mizani. Kimeongezeka! Mita ya shemeji: sifuri. Nikahutubia kuhusu vitu vya madukani. Ndipo bosi akainua mabomba kutoka tangini. Nikeli hakuna, hata chembe. Kumbe umeme una njia moja tu: tangi, chupa, mita. Nilipomkatia yeye, nilikata kwa wote.

Bosi akaniuliza polepole, “Sasa hicho kibati kimenenepa kwa umeme gani, bwana?”

Shemeji akakigusa, akaninyooshea kidole kilicholowa.

“Shemeji, umepima maji.”

Alhamisi, 6 Machi
Yeye kapewa usimamizi. Mimi nimepewa ndoo na tambara. Lakini nikipiga deki nimegundua kosa: nilichomoa waya mweusi. Kesho alfajiri, kabla hawajafika, naingia chumba cha tangi nachomoa mwekundu; huo utamkata yeye peke yake.

Ufunguo anao shemeji.